Champali na Pedali: Kiatu Gani Kimfaacho Mpanda Baiskeli?



Baiskeli inaponunuliwa katika nyumba zetu, mengi huulizwa. Tairi ni namba ngapi, breki zashika, fremu haijachomelewa, na huyu anayeiuza aliipata wapi. Kiti hupandishwa na kushushwa mpaka fundi akachoka. La mguu halisemwi. Mtoto hukabidhiwa baiskeli yake, akairukia na champali ile ile aliyotoka nayo uani. Na baba yake, aendaye kazini kwa baiskeli kila asubuhi, hana mfano bora wa kumwonyesha, kwani naye yu katika champali. Leo twataka kulizungumza hilo la mguu, na tungependa kina mama watusikilize kwa makini zaidi, maana wao ndio wanunuzi wa viatu vya nyumba nzima.

Si jambo dogo hili kwa sisi tukaao nje ya kisiwa. Mkaazi wa Likoni huteremka kwenye feri akisukuma baiskeli katikati ya umati, na mwisho wa mteremko hukanyaga bamba la chuma lililolowa maji ya bahari. Wa Changamwe hupita Magongo ubavuni mwa malori yatokayo bandarini, mahali ambapo mguu ukiponyoka baiskeli huyumba, na nafasi ya kuyumba haipo. Wa Kisauni hutoka katika kichochoro cha mchanga, kule Mlaleo au Mwandoni, akaingia barabara ya lami ilhali mchanga ungali umemganda chini ya kiatu. Taabu ni tatu, na kiatu aghalabu ni kimoja.

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwahimiza watu kuvaa viatu, na akamfananisha aliyevaa viatu na aliyepanda. Ikiwa mwenda kwa miguu amehimizwa hivyo, basi aliyepanda kweli, tena juu ya chuma kinachozunguka, ana haja zaidi ya kukitazama kiatu chake.

Pedali tunazozikusudia ni zile bapa, ambazo mguu hukaa juu yake bila ya kufungwa na kitu. Karibu baiskeli zote za mitaani kwetu ni za namna hiyo. Iko namna nyingine, ya watu wa mashindano, ambao viatu vyao vina kifungo chini ya soli kinachonasa kwenye pedali. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mara nne, alipanda kwa viatu hivyo. Juu ya baiskeli vina nguvu za ajabu; juu ya ardhi ni mtihani. Tarehe 14 Julai 2016, katika mlima wa Mont Ventoux huko Ufaransa, baiskeli yake iliharibika baada ya yeye na wenziwe kugongana na pikipiki iliyokwama mbele yao, naye akaanza kuukimbia mlima kwa miguu akiwa ndani ya viatu vile vile, ulimwengu ukimtazama. Mtu wa Likoni hushuka baiskeli yake kila siku kwenye feri, akaisukuma kwenda na akaisukuma kurudi. Kiatu chake sharti kiwe cha kupandia na cha kutembelea kwa pamoja, na ndiyo sababu pedali bapa yamfaa kuliko ile ya bingwa.

Hata hivyo pedali bapa nazo si moja. Ile baiskeli nzito nyeusi, iitwayo Black Mamba, ambayo wachuuzi wa samaki na wauza madafu huipenda kwa kubeba mizigo, ina pedali za mpira: matofali mawili yaliyoshikwa na vyuma. Mpira juu ya mpira hushikana vyema, mpaka matofali yale yachakae yakawa laini kama sabuni, na hapo inafaa yabadilishwe. Baiskeli za watoto, na nyingi za bei nafuu, zina pedali za plastiki, ambazo wakati wa kiangazi hazina neno, lakini mvua za masika zikinyesha huteleza kama ngazi ya kisima. Kisha ziko pana za chuma, zenye meno madogo kwenye kingo, zijazo na baiskeli za mtumba zilizotengenezwa kwa ajili ya njia za milimani. Vijana wanazitaka hizo. Meno yale hushika soli barabara, lakini hayachagui kati ya soli na nyama. Mguu ukiponyoka, pedali huzunguka ikarudi kwa nguvu na kupiga muundi, na mama afuaye suruali za mwanawe ameshayaona madoa ya damu akaambiwa kwamba ni mpira wa miguu.

Basi na tuitazame champali yenyewe, wala tusiidharau, kwani haikuenea bure. Ni rahisi. Huvuliwa kwa mguu mmoja na kuvaliwa kwa mguu mmoja. Haidhuriwi na maji ya udhu. Hufaa msikitini, chuoni, bafuni na dukani. Tena lipo jambo ambalo watu huliona haya kulitaja: ni nani atakayeacha raba nzuri mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa akawa na hakika ya kuikuta? Mwenye kuchukua tahadhari huenda na champali, tena kuukuu, ili isimtie mtu tamaa. Na hata hivyo wapo waliotoka wakakuta wameachiwa mbili, zote za kushoto. Kwa hiyo mtu anayetwambia tuache champali kabisa hajui maisha yetu yalivyo. Sisi hatusemi iachwe. Twasema isipandishwe juu ya pedali.

Sababu yake ni hii. Champali hushikwa na gidamu peke yake, baina ya kidole gumba na mwenziwe. Kisigino ki huru. Mguu unapokanyaga kwenda chini, hapana taabu, kwani uzito wa mtu huikandamiza soli kwenye pedali. Taabu huanza mguu unapopanda. Hapo kisigino huinuka, champali hutaka kubaki nyuma, na vidole hujikunja kuizuia isianguke. Mpandaji hufanya kazi hiyo mara maelfu baina ya nyumbani na kazini pasipo kujua, kisha jioni akalalamika kwamba vidole vyamuuma na hajui vimepatwa na nini. Wengine, ili kuipumzisha gidamu, huusogeza mguu mbele wakakanyaga kwa uvungu wa wayo badala ya sehemu pana iliyo nyuma ya vidole. Mguu uliokaa hivyo haupati msaada mkubwa wa kifundo.

Ukipita salama katika hayo, liko shimo la barabarani. Gurudumu likiingia shimoni, baiskeli huruka na mguu ukaruka. Kiatu kilichofumba huruka pamoja na mguu na kurudi pamoja nao. Champali hukaa pale ilipotaka kukaa. Mguu mtupu hurudi juu ya meno ya pedali, au hukosa kila kitu ukashuka chini kwenye lami, na mpandaji akainamia upande ule alioupoteza. Na upande wa kulia ndiko lori lipitako. Gidamu kuchomoka katikati ya njia ni jambo la kuchekesha kwa anayetembea. Kwa aliye mbele ya gari halichekeshi.

Lipo pia suala la soli yenyewe. Soli ya champali ni sponji. Hujikunja kwenye kingo za pedali, na uzito wote ukaangukia mstari mmoja chini ya wayo. Ndipo mtu aonapo ganzi baada ya mwendo mrefu. Hapa ndipo tunapofikia kiini cha maneno yetu: kiatu cha pedali bapa huchaguliwa kwa kutazamwa chini kabla ya juu. Vijana hutazama ubavuni, iliko alama ya kampuni. Tunamwomba mzazi akigeuze.

Soli inayofaa ni bapa kutoka vidoleni hata kisiginoni, si nyembamba mno, na ni ya mpira wa kweli. Mfano unaojulikana ni raba za Vans, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1966, ambazo wapanda ubao wenye magurudumu walizipenda kwa ubapa wa soli yake na mikato yake midogo midogo, kisha vijana wa baiskeli ndogo za michezo wakawafuata. Mfano mwingine ni Five Ten, iliyoanza mwaka 1985 kuwatengenezea wakwea miamba viatu vyenye mpira wa kunata. Wapanda baiskeli waligundua kwamba mpira unaoshika jiwe hushika na pedali, na mwaka 2011 kampuni ya Adidas ikainunua. Majina haya twayataja ili msomaji aelewe umbo, si ili ahangaike kutafuta nembo. Raba ya turubai isiyo na jina, yenye soli bapa ya mpira, ni bora kwa kazi hii kuliko kiatu cha kukimbilia cha bei ya juu.

Na tutasimama hapo kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapodhani wamefanya vyema. Kiatu cha kukimbilia kimeundwa kwa mtu atuaye ardhini kwa kisigino: soli nene, laini, iliyopanuka kwa nyuma. Juu ya pedali ulaini ule huimeza nguvu ya mguu kabla haijafika kwenye mnyororo, na upana ule wa nyuma hugusa mkono wa pedali kila unapozunguka. Si hatari kubwa. Ni kazi bure. Kadhalika buti zenye soli ya mabonde na vilima, zifaazo matopeni, hukaa juu ya pedali kwa pembe zake tu, na pedali yenye meno huzinasa vibaya hata mguu usiweze kusogezwa. Viatu vya ngozi vya ofisini vina soli laini ya kuteleza. Makubadhi yetu vilevile: ni pambo la miguu na ni heshima ya Idd, lakini soli yake ya ngozi juu ya pedali ya chuma ni barafu, na anayetaka kuyavaa siku ya Idd na aende kwa miguu.

Wengi wetu tutanunua mtumba, na hapana ubaya. Soko la Kongowea limetuvisha miaka mingi. Ila mtumba una siri moja ambayo muuzaji hataitaja, na huenda naye haijui. Ziko soli zilizotengenezwa kwa povu la aina ambayo huoza kwa unyevu wa hewa, hata kama kiatu hakikuvaliwa. Kiatu kilichokaa kabatini Ulaya miaka kadhaa, kisha kikafungwa ndani ya robota, kisha kikaning'inizwa katika joto na unyevu wa Mombasa, chaweza kuonekana kipya kabisa, na baada ya wiki mbili soli yake ikavunjika vipande kama biskuti kavu. Bonyeza soli kwa kidole gumba, hasa ubavuni. Ikinata kidole, ikiacha unga, au ikionyesha nyufa ndogo kama za ardhi ya kiangazi, kirudishe mahali pake kwa upole uende zako. Gundi haitakisaidia.

Kikipita mtihani huo, kishike kwa mikono miwili ukikunje. Kitakiwe kijikunje mbele, pale vidole vinapoanzia, wala kisikunjike katikati kama chapati. Kisha tia ukucha katika mpira wa soli: mpira mzuri huingia kidogo ukarudi, plastiki ngumu haipokei ukucha, na hiyo ndiyo itelezayo mvuani. Ukiwa na chupa ya maji, mwaga matone kwenye sakimu au kigae kilicho karibu, uiburure soli hapo. Muuzaji atakutazama, mwache atazame. Mwisho vaa viatu vyote viwili usimame. Nenda jioni ikiwezekana, kwani mguu wa jioni huwa umevimba kidogo kuliko wa asubuhi, na kiatu kilichotosha asubuhi huweza kubana saa ya kurudi nyumbani.

Hatuwezi kuondoka sokoni bila kuitaja akala. Watu wa mjini huicheka. Lakini sandali hii ishonwayo kwa tairi la gari ina soli ngumu, bapa, isiyokunjika, na iliyo nzuri ina ukanda wa nyuma unaoshika kisigino. Juu ya pedali ya mpira, kwa mchuuzi asiyetaka joto la raba, twaiona ni mara kumi bora kuliko champali. Masharti ni mawili: misumari isiwe imejitokeza ndani, na pedali isiwe ya meno, kwa kuwa vidole viko wazi.

Sasa turudi msikitini, maana hilo ndilo litakaloamua iwapo maneno haya yatatumika au yatasomwa tu. Kiatu cha kamba humchelewesha mtu mlangoni na swala imeshakimiwa. Njia ziko. Kamba za kawaida zaweza kuondolewa zikatiwa za mpira unaovutika, kiatu kikavaliwa na kuvuliwa bila kufunguliwa. Ziko raba zifungwazo kwa utepe wa kubandika, na watoto wa chuoni huziweza upesi. Viatu vya namna ya Crocs, ambavyo vimejaa mitaani, si bora sana kwa ulaini wake, lakini ule ukanda wake ukishushwa nyuma ya kisigino hupanda daraja juu ya champali. Ukiachwa mbele, kama vijana wengi wafanyavyo, ni champali yenye matundu. Na njia tuipendayo zaidi ni nyepesi: champali itiwe ndani ya mfuko, ifungwe kwenye keria. Mtu apande na raba, akifika msikitini azivue, azitie zile raba ndani ya mfuko huo huo aingie nao akauweke karibu yake, na champali ndiyo ibaki mlangoni. Mwizi akiichukua, amechukua champali. (Ama suala la kufuta juu ya khofu kwa aliyevaa kiatu kifunikacho vifundo, lina masharti yake kwetu Mashafii, na mahali pake ni kwenye darsa.)

Kina mama na mabinti wapandao baiskeli kwetu si wengi, lakini wapo, na hatuoni makala za kuwaelekeza. Watakaouliza kwanza juu ya sitara tutawajibu kwamba suruali ndefu chini ya vazi, na vazi lisiloburura, ni sitara na ni usalama kwa pamoja. Adui wa buibui ni mnyororo, na uko upande wa kulia. Pindo likiingia baina ya mnyororo na meno yake, baiskeli husimama ghafla na aliyepanda akaendelea mbele. Kwa hiyo baiskeli ya mwanamke na iwe na kifuniko cha mnyororo. Zile za Kijapani ziitwazo mamachari, zenye fremu iliyoshuka katikati na kikapu mbele, mara nyingi huwa nacho. Ukiipata ya mtumba, usikubali fundi akuondolee kifuniko hicho kwa kuwa kinapiga kelele.

Kuhusu kiatu, vile viatu bapa vyepesi vya kike visivyo na kamba, ambavyo mabinti hupenda kwenda navyo chuoni, vina soli nyembamba mno, mtu huihisi pedali kama anakanyaga pekupeku, na kisigino huchomoka mguu unapopanda. Vya mchuchumio havina haja ya kujadiliwa. Kisigino kile hukwama nyuma ya pedali wakati mguu unapotakiwa chini kwa haraka. Raba bapa ya turubai, iliyokaza kisigino, humfaa mama kama imfaavyo mwanawe, na akiitaka nyeusi iendane na vazi lake ataipata. Jambo moja la kamba: fundo la kiatu cha kulia lichomekwe upande wa nje au ndani ya ulimi wa kiatu, kamwe lisining'inie upande wa mnyororo.

Na watoto. Desturi yetu ni kununua kiatu kikubwa kwa namba mbili ili mtoto akue nacho. Kwa kwenda shule kwa miguu twaelewa, maana mfuko ndio unaoamua. Juu ya baiskeli kiatu kile huteleza ndani, ncha yake hupita mbele ya pedali, na katika baiskeli ndogo ncha hiyo hugusa gurudumu la mbele mtoto anapokata kona. Upana wa kidole gumba mbele ya vidole watosha.

Lakini lililotutia kalamu mkononi hasa ni la mtoto asiyepanda, bali apakiwaye. Kila asubuhi na kila alasiri watoto hupelekwa chuoni na shuleni wakiwa wamekaa kwenye keria, miguu ikining'inia, pekupeku au na champali iliyo karibu kuanguka. Mtoto husinzia, au huikimbilia kwa mguu champali inayomtoka, na kisigino kikaingia katika spoki, zile njiti za gurudumu la nyuma. Madaktari wa nchi nyingi wanalijua jeraha hili na wameliandikia. Huwapata sana watoto walio chini ya miaka minane, na mahali pake ni kisigino na ule mshipa mnene ulio juu yake. Gurudumu husaga na fremu hubana, yote kwa wakati mmoja.

Linadanganya jeraha hili. Siku ya kwanza ngozi huweza kuonekana imechubuka tu, mama akapaka dawa akashukuru. Baada ya siku chache ngozi ile iliyopondwa hubadilika rangi, ikafa, na kidonda kikafunguka. Kwa hiyo mtoto aliyeingia mguu kwenye spoki apelekwe hospitali siku ile ile, hata akiwa anacheka, akapigwe picha ya mfupa na atazamwe kama anahitaji sindano ya pepopunda. Papo hapo njiani, usiuvute mguu. Shikilia baiskeli isisogee, rudisha gurudumu nyuma polepole, na mguu ukiwa umekwama basi spoki zikatwe. Spoki ni kitu cha kununuliwa. Osha kwa maji safi, funika kwa kitambaa safi, mbebe mtoto.

Kinga yake yaanzia kwenye kiatu kilichofumba kisigino, kigumu kwa nyuma, kilichofungwa. Hakitazuia kila kitu, lakini baina ya spoki na mshipa wa mtoto kutakuwa na kitu. Kisha fundi afunge vikanyagio viwili vya miguu pande zote za gurudumu la nyuma, na aweke wavu au kipande cha plastiki ngumu kuzifunika spoki. Kazi hiyo fundi yeyote wa mtaani aiweza. Mtoto asiyeweza kukaa macho njia nzima asipakiwe peke yake nyuma.

Wazee wetu wenye kisukari nao wana neno lao. Ugonjwa huu huua hisia za miguu, na mtu akachomwa na jino la pedali asijue mpaka aone damu kwenye sakafu. Kwao kiatu wazi juu ya baiskeli hatukioni kuwa na ruhusa yoyote. Wavae kilichofumba, na soksi ndani, na wakifika nyumbani wauchunguze mguu, chini na baina ya vidole; asiyeweza kuinama amwombe mjukuu.

Iwapo kiatu ni kizuri na bado mguu wateleza, basi tatizo liko kwenye pedali, na kubadilisha pedali si kazi kubwa. Pedali nyingi za baiskeli za wakubwa zina uzi wa inchi 9/16. Baadhi ya baiskeli za watoto ni nusu inchi, kwa hiyo nenda na ile ya zamani dukani. Pedali ya kulia hufunguliwa kama skurubu nyingine yoyote. Ya kushoto imekatwa uzi kinyume: hufunguliwa kwa kuzungushwa upande ambao skurubu nyingine hukazwa. Asiyejua hilo huikaza zaidi akidhani anaifungua, mpaka akaharibu uzi wa mkono wa pedali, na mkono huo ni ghali kuliko pedali. Na sisi wa pwani tupake grisi kidogo kwenye uzi kabla ya kufunga, kwani chumvi ya bahari haichelewi kuvishikanisha vyuma.